Barua Thelathini na Moja Chini ya Mamumunye

Wewe uliyekuwa nami tangu wiki nilipong'oa tuta zima la vitunguu nikidhani ni nyasi, nivumilie mistari michache. Kuna msomaji mwingine ameketi kando yako leo kwa mara ya kwanza, na si haki kumwacha nje ya mlango.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Likizo hii ndefu nimekuja kufanya kazi katika shamba dogo la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kila Alhamisi Shangazi hupeleka mjini masanduku ya mboga, sanduku moja kwa kila nyumba iliyojiandikisha. Mteja hachagui. Hupokea kile ambacho ardhi imetoa wiki hiyo, basi. Nilipouona utaratibu huo niliamini, na ninaamini mpaka sasa, kwamba watu wanaokula kwa kuufuata msimu hatimaye watakuwa watu wa haki. Niliandika hivyo katika insha yangu. Mhadhiri aliweka alama ya kuuliza pembeni.

Ila msimu huu ardhi imetoa mamumunye. Mumunye, kwa asiyelijua, ni ndugu wa boga: la kijani, refu, lina maji mengi na haliombi ruhusa. Unalichuma asubuhi likiwa kama kidole, jioni unakuta lingine kama mguu wa mtoto. Tumepeleka mamumunye wiki nne mfululizo, yakisindikizwa na figili chache na kabichi moja yenye huzuni.

Wiki iliyopita niliishia pale nyumba tisa zilipojitoa kwa siku moja. Zilikuwa arobaini, zikabaki thelathini na moja. Shangazi alifuta majina hayo tisa kwenye mlango wa banda la kupakia, ambapo orodha yote imeandikwa kwa chaki, kisha akala kiapo mbele yangu na mbele ya dereva.

"Nyumba zikishuka chini ya thelathini, nafunga. Shamba namkodisha yule wa maua."

Yule wa maua ni jirani. Analima maua ya kusafirishwa ng'ambo na kwa miaka miwili amekuwa akilitazama shamba letu kama mtu anayetazama chakula cha mwenzake. Na Shangazi, wasomaji wangu, akila kiapo hakitapiki.

Tulihitaji wiki mbili tu. Nyanya zilikuwa zimeshaanza kubadilika rangi.

*

"Tuwaandikie barua," nikasema Jumanne.

Shangazi alikuwa amechuchumaa akifunga figili mafungu mafungu. Hakuinua kichwa.

"Kina nani?"

"Wateja. Kila nyumba barua yake. Hawajachoka mamumunye, Shangazi. Wamechoka kuwa namba."

"Wamechoka mamumunye."

"Hata mbuzi wangu amechoka mamumunye," akachangia dereva. Tunamwita Breki, kwa kuwa hicho ndicho kifaa anachokipenda kuliko vyote katika gari lake. "Jana nimemtupia moja, akanitazama kama nimemtukana mama yake."

"Mtu akijua kwamba anafikiriwa," nikaendelea, "atakula chochote."

Shangazi akasimama, magoti yakalia.

"Binti ya kaka yangu, watu wamechoka mzigo, wewe unataka kuwaongezea karatasi juu. Haya, andika. Ila zile zamu zako za kumwagilia ziko palepale."

Niliandika siku mbili. Kwa kuwa kila Alhamisi huandamana na Breki, nawajua wateja wetu, na kila mmoja nilimwandikia yale yaliyomhusu. Majina sikuweka. Hilo lilikuwa suala la msimamo: mbele ya sufuria binadamu wote ni sawa. Kila barua ilianza "Mpendwa mlaji" na kuishia "Wako, wa shambani."

Nyumba ya kwanza katika mzunguko wetu ni ya maharusi wa mwezi mmoja. Niliwaandikia: "Likateni pamoja. Mmoja ashike, mwingine akate. Vidole vikigusana, msiombane samahani."

Nyumba ya mwisho ni ya jaji mstaafu na mkewe. Hao niliwaandikia kwa heshima kuhusu chumvi na shinikizo la damu.

Kwa bibi wa nyumba ya thelathini, asiye na jino hata moja, nilieleza namna ya kuliponda mpaka liwe laini kama uji.

Na kwa mwalimu mkuu wa nyumba ya tano, ambaye alikuwa ameshatuonya mara mbili kwamba atajitoa, nilimwaga moyo wote: "Usituache. Kila Alhamisi nikiufikiria mlango wako moyo hunidunda, kwa kuwa naogopa utasema basi. Najua wewe ni mtu wa maneno machache na msimamo mkali. Mimi pia. Nipe wiki mbili tu. Kuna kitu chekundu kinaiva huku, na natamani wewe ndiwe uwe wa kwanza kukionja."

Nilipoisoma tena, machozi yalinilengalenga. Niliona nimeandika vizuri.

Alhamisi asubuhi masanduku thelathini na moja yalikuwa yamepangwa mstari mmoja ndani ya banda, kuanzia mlangoni hadi ukutani. Nikaanza mlangoni na nyumba ya kwanza, nikaenda hivyo hadi ya mwisho, kila barua nikiisukuma chini ya mumunye la juu. Nikafunga vifuniko kwa kamba. Breki akapakia. Tukazunguka mji mzima nikitabasamu kama mgombea uchaguzi.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ya shamba ikalia. Shangazi alikuwa bondeni kwenye kabichi, nikapokea mimi.

"Wewe ndiye unayeandika?" Ilikuwa sauti ya jaji.

"Ndiyo, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekalia kiti cha hukumu miaka ishirini na saba, binti. Nimesoma nyaraka nyingi. Hii yako nimeisoma mara tatu." Akakohoa. "'Vidole vikigusana, msiombane samahani.'"

Nikashika ukingo wa meza.

Nyuma yake mwanamke alikuwa akicheka kicheko cha msichana. "Mwambie tumeliunguza!"

"Tumeliunguza," akasema jaji, kwa fahari kabisa. "Mimi sijawahi kuingia jikoni isipokuwa kuuliza kama chakula tayari. Jana nimeshika, yeye amekata. Anasema nikiendelea na tabia hii njema nitaruhusiwa kukoroga. Tuletee masanduku mawili wiki ijayo."

Alipokata simu nilibaki nimesimama kama kigingi. Hiyo ilikuwa barua ya maharusi.

Simu ikalia tena.

"Chumvi!" Huyo alikuwa bibi harusi. "Eti 'katika umri wenu chumvi ni adui.' Umri gani? Nina miaka ishirini na minne! Na nani kakwambia natia chumvi nyingi? Ni huyu hapa, sivyo?"

"Mimi sijasema kitu!" sauti ya mume ikatokea mbali.

"Basi mbona unacheka?"

"Nacheka kwa sababu ni kweli!"

Kisha nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni kilio, kumbe wote wawili wamekufa kwa kicheko.

"Wiki nne anakunywa maji kama ngamia, haniambii!" bibi harusi akasema akihema. "Haya, nitapunguza. Ila mwambie huyo mwandishi wenu asituite wazee."

Nikatoka mbio hadi kwenye gari, ambako Breki alikuwa akifuta kioo.

"Breki. Sanduku lililo karibu na mlango wa banda, huwa unalipeleka nyumba gani?"

"La mlangoni? La mwisho hilo."

"La mwisho?"

"Dada, la mlangoni ndilo linaingia garini mwanzo, linakwenda kule ndani kabisa. Nikifika nyumba ya kwanza nachukua lililo karibu na mkono wangu, yaani lile la ukutani. Ulitaka niwe natambaa juu ya kabichi?" Akaacha kufuta kioo. "Kwa nini? Masanduku si yote sawasawa?"

Nikamweleza. Breki aliketi chini. Alicheka mpaka akaanza kupiga ardhi kwa kitambaa.

"Kwa hiyo... yule bibi wa uji..."

"Barua yake imeenda nyumba ya pili," nikasema, na kusema hivyo ndipo nilipokumbuka nani anakaa nyumba ya pili.

Simu ikalia.

"'Najua meno yako yote yamekwisha,'" ikasoma sauti ya mwanamume, polepole. "Mimi ni daktari wa meno."

"Daktari, nakuomba radhi kutoka—"

"Sanduku lililetwa kliniki. Karani wangu ameisoma kwa sauti mapokezi, mbele ya wagonjwa wanne."

"Daktari, naelewa kabisa kama umeamua kujitoa."

"Mgonjwa mmoja amecheka hadi jino lililokuwa likilegea limetoka lenyewe. Alikuwa na miadi ya kuling'oa saa tatu!" Hapo sauti ikamponyoka, akaanza kucheka naye. "Nijitoe kwa lipi? Miaka tisa sijasikia mtu akicheka kwenye ile foleni. Niandikie nyingine Alhamisi. Sema chochote kuhusu kipara changu."

Wasomaji wangu, mnaelewa nilivyokuwa? Nilikuwa nimekosea nyumba baada ya nyumba, na mji ulikuwa unanishukuru! Nilicheza mle bandani peke yangu. Nilishika mumunye moja nikazunguka nalo kama mwenzangu wa dansi.

Basi nikajisemea kwamba, kwa hesabu, kuna nyumba moja tu iliyopata barua yake halisi. Ya kumi na sita, katikati kabisa ya mstari, ambayo ukihesabu kutoka mlangoni au kutoka ukutani ni ileile. Hapo kwa mfamasia, nikawaza, angalau pako salama.

Simu ikalia. Ilikuwa ya mfamasia.

"Barua yako ni sahihi," akasema. "Kila neno."

"Nashukuru sana, Mama."

"Umejuaje kwamba nakula nikiwa nimesimama?"

"Nilikuona dirishani, wiki ya kwanza. Nikaona niwaze mboga ya kuliwa kwa mkono mmoja..."

"Watu wananiletea siri zao kutwa nzima," akasema, bila hasira hata kidogo. "Za kwangu sijampa mtu. Nifuteni kwenye orodha. Kazi njema."

Nilikwenda mlangoni nikachukua chaki na kupiga mstari juu ya nyumba ya kumi na sita.

Thelathini kamili.

*

Sasa nafika mahali ninapopaswa kukiri.

Shangazi alirudi saa sita akauona mstari ule. "Mfamasia," akasema tu. "Bado moja." Akanawa mikono, akaketi kula. Nilikuwa na nafasi nzima ya kumwambia: Shangazi, nimezibadilisha barua zote, kila nyumba ina siri ya nyumba nyingine, sijui lipi litalipuka. Chuoni niliongoza mdahalo wa kutetea ukweli mbele ya watu mia tatu. Nilishinda.

Nikamwambia kabichi zimependeza.

Saa kumi tulikuwa bandani mimi na yeye, tukichambua majani yaliyotobolewa na wadudu, tuliposikia kengele ya baiskeli. Akaingia fundi cherehani wa nyumba ya ishirini na saba. Ni mjane wa makamo, mkimya, ambaye kila Alhamisi hupokea sanduku lake kwa mikono miwili. Leo alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, bila kasoro hata moja isipokuwa futi ya kupimia iliyokuwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ameisahau.

Ishirini na saba. Nikahesabu kutoka upande wa pili, kimoyomoyo, kwa vidole nyuma ya mgongo.

Nyumba ya tano.

Usituache. Moyo hunidunda. Kitu chekundu kinaiva.

"Habari za kazi, Mama," akamwambia Shangazi.

"Salama, Fundi. Kuna nini, sanduku lina hitilafu?"

"Hapana, hapana. Sanduku ni zima." Akanyoosha koti. "Mama, mimi ni mtu wa vitambaa. Maneno siyawezi. Lakini mtu akikuandikia namna hii, usipokuja kumjibu uso kwa uso, umemkosea adabu."

"Kukuandikia nini?"

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa kwa ustadi, kona juu ya kona, kama pindo.

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nikisema kweli, mtu huyu mpole atarudi mjini juu ya baiskeli yake na aibu ya maisha, na hatapokea tena hata figili kutoka kwetu. Ishirini na tisa. Shamba ni la yule wa maua. Nikinyamaza, ninamwacha shangazi yangu asimame mbele ya mchumba asiyemwita. Shangazi hajawahi kuolewa, na aliyewahi kumuuliza sababu hakurudia swali.

"Shangazi," nikaanza, "hiyo barua—"

"Nyamaza, nasoma."

Alivaa miwani. Alisoma kama anavyokagua mbegu, bila kuruka hata moja. Kuna mahali alirudi nyuma akasoma upya. Mwandiko wangu anaujua kuliko mtu yeyote duniani, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuandika nikiwa na miaka mitano, kwa kijiti, kwenye vumbi la ua huohuo wa shamba.

Akanitazama juu ya miwani. Nikajua kwamba amejua.

"Huu ni mwandiko wa huyu mtoto," akamwambia Fundi.

Nikauona uso wa Fundi ukianza kushuka, taratibu, kama kitambaa kinachoteleza mezani.

"Wangu mimi hausomeki," Shangazi akaendelea. "Nilimtamkia, akaandika."

"Kila neno?"

"Kila neno."

Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata umri wa kabichi! Kwanza nikadhani analiokoa shamba. Nikaona akili kubwa ajabu, nikataka kupiga makofi. Kisha nikauona mkono wake wa kushoto, uliokuwa umejaa udongo, ukipanda wenyewe kurekebisha kilemba, na ukiacha alama ya tope juu ya paji la uso bila mwenyewe kujua.

Fundi naye aliiona alama ile. Alitabasamu kama mtu aliyepewa kipimo sahihi.

"Basi nina ombi moja tu," akasema. "Nifute kwenye ile orodha."

"Nini?" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Mimi na Mama tukishaanza kuzungumza hivi, siwezi tena kuwa mteja wake. Nitakuja mwenyewe, kila Alhamisi. Nitachuma, nitabeba, hata figili nitafunga. Ila nataka nijue kwamba nimekaribishwa mimi, si sanduku."

Mbingu ni shahidi, ni maneno mazuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu, na nilitamani ayameze.

"Shangazi, jaji anataka masanduku mawili!" nikapaza sauti. "Kwa hiyo hesabu—"

"Nilisema nyumba," akajibu Shangazi. "Sikusema masanduku."

"Wiki mbili, Shangazi. Nyanya!"

"Kiapo ni changu, si cha nyanya."

Alikuwa ameshageuka kuutazama mlango. Majina thelathini, safu mbili za chaki. Alisimama pale, mgongo wake umenyooka, na mimi nyuma yake nikiomba angalau mara moja katika maisha yake awe mtu wa kubadili msimamo.

"Lete chaki," akasema.

Chaki ilikuwa ndani ya mfuko wangu tangu asubuhi.

"Imekwisha," nikasema.

"Usihangaike, mwanangu," akasema Fundi kwa upole, akiingiza mkono katika mfuko wa suti yake. "Mimi hutembea na yangu."

Akaiweka katika kiganja cha Shangazi, kipande kidogo bapa cha rangi ya samawati, cha kuchorea vitambaa, na Shangazi akauinua mkono hadi kwenye mstari wa ishirini na saba.